Tarehe Iliyo Chini ya Marumaru

Mwanangu Kabula,

Umetoka hapa sasa hivi kwenda Kirumba kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua dada yangu Limi, hutarudi kabla jua halijazama. Atakufungia dagaa, atalia kidogo, halafu atakumbuka kwamba dagaa hawatoshi na kukufungia wengine. Kwa hiyo nina mchana wote. Nimekaa barazani juu ya ndoo niliyoigeuza, karatasi iko juu ya ubao wa lipu, na ninaandika kwa penseli ya saiti, hii ninayoipachika sikioni mpaka unaniambia nimezaliwa nayo. Mwandiko utauvumilia.

Mambo ya sanduku, ya kula kwa wakati na ya marafiki wa kuwaepuka sitayagusa. Hayo shangazi yako anakumwagia huko uliko, na anayajua kuliko mimi. Kesho alfajiri utapanda basi uende kuusomea umri wa mawe, na mimi nitasimama pale stendi nikijifanya nakagua matairi. Nikisubiri mpaka pale sitasema kitu, ninajijua. Ndiyo maana naandika leo.

Nina mambo mawili. Moja ni zuri mno, linaniwasha ulimi tangu juzi, na nimekaa nalo siku mbili nzima bila kukuambia, jambo ambalo hujawahi kuliona kwangu. Lingine ni baya, nimekaa nalo miaka kumi na minne. Ningependa kuanza na lile zuri, lakini limejengwa juu ya lile baya, na mimi ni fundi, siwezi kuanza na bati.

Unakumbuka siku uliporudi kutoka kwa wale watafiti waliokuja kutoboa tope la ziwa? Mwezi mzima ulikuwa unawaandikia vibandiko vya mabomba yao. Ulirudi umeungua jua, tope kwenye nywele, hata shikamoo ulinipa ukiwa umeshaanza kueleza. Ukasema chini ya maji haya tunayonywa, chini ya tope, kuna udongo wa nchi kavu wenye mizizi ya majani, na kwamba miaka elfu kumi na tano hivi iliyopita mtu angetembea kwa miguu mahali ambapo leo meli zinapita. Nikakuuliza nani alikuwepo akahesabu. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Ukanieleza habari za kaboni. Kwamba kila kinachoishi, awe samaki, awe jani, awe mimi, kinajaza mwilini kaboni ya aina moja isiyotulia, na siku kinapokufa kinaacha kujaza. Iliyobaki inapungua polepole, haiharakishwi wala haicheleweshwi, nusu yake inaondoka kila baada ya miaka elfu tano na mia saba hivi. Anayeipima iliyobaki anajua kitu kilikufa lini. Nikakuonyesha lile jiwe kubwa nyuma ya choo, nikasema, "Haya, lipime na hili."

"Hilo kaboni hailiwezi, baba. Halijawahi kuishi. Halafu kaboni ikipita miaka elfu hamsini inakuwa imekwisha, huna cha kupima. Kila kitu kina saa yake."

"Na saa ya hili?"

Ukaokota kipande cha kokoto, ukanionyesha kama unaniuzia. Ukasema humo ndani kuna punje ndogo kuliko mchanga, zinaitwa zirkoni. Zilipokuwa zinaganda kutoka kwenye mawe yaliyoyeyuka, zilikubali urani iingie, lakini madini ya risasi ziliyafungia mlango. Tangu hapo ile urani inageuka kuwa risasi, taratibu, kwa mwendo unaojulikana. Kwa hiyo risasi yote iliyomo leo imezaliwa humohumo. Unahesabu urani iliyobaki, unahesabu risasi iliyozaliwa, unapata umri. Mawe yetu haya ya Mwanza, ukasema, yana miaka bilioni mbili na nusu hivi.

Kabula, mimi nilianza kupasua mawe hayo nikiwa na miaka kumi na mbili. Tulikuwa tunawasha moto juu yake, kuni na matairi, mpaka jiwe lipate joto la kutosha, halafu babu yako anashusha nyundo na linafunguka. Nimeyachoma, nimeyaponda, nimeyauza kwa tripu za lori, nimeyalaani pale yalipokataa kupasuka. Hakuna siku niliyojiuliza yana umri gani. Usiku ule nilitoka nje kukojoa nikasimama mbele ya lile jiwe la nyuma ya choo, nikajikuta nimelisalimia. Shikamoo, nikasema. Usimwambie mtu.

Lakini kuna swali nililokuuliza siku ile kwa utani. Nilisema, "Sasa mimi niliyeyachoma yote haya nimeharibu saa ngapi?" Ukaniambia zirkoni haijali moto wa matairi, nisiwe na wasiwasi. Halafu ukaongeza kwamba zipo saa nyingine za mawe ambazo moto mkali unazifuta: gesi iliyojikusanya ndani inatoka yote, na hesabu inaanza upya kana kwamba jiwe limezaliwa siku hiyo. Mimi nikasema nimechoka, nikaenda kulala. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimekumbuka nilichokichoma.

Sasa nakuambia. Nilichoma kadi yako ya kliniki.

Mama yako alipofariki ulikuwa na miaka minne. Shangazi yako alikuwa anatoka saa kumi alfajiri kwenda soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo nilikuwa nakuja na wewe saiti, unakaa chini ya turubai unapika mchanga. Siku moja kipande cha jiwe kiliruka kikapita kando ya sikio lako. Hakikukugusa. Wewe ulicheka, mimi nikakaa chini mbele ya vibarua wangu. Wiki hiyohiyo nikaamua utaanza shule, uwe na umri usiwe na umri.

Unajua wakati ule walivyopima. Mwalimu alisimama mlangoni na kila mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa akashika sikio la upande wa pili. Ukilifikia, umefikisha miaka saba. Usipolifikia, urudi mwakani. Tulifanya mazoezi siku sita, mimi na wewe, ukidhani ni mchezo. Nilikufundisha kulaza kichwa kidogo bila mwalimu kuona. Isitoshe mikono yako ilikuwa mirefu, ya mama yako. Ulilishika sikio kwa ncha ya kidole, mwalimu akasema huyu ameiva. Ulikuwa bado hujafikisha hata sita.

Mwalimu akaomba kadi. Nikamwambia imepotea, nayo ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu. Nilitoka pale nikapanda mlimani tulikokuwa tumewasha moto juu ya jiwe, nikaitupa humo. Sikuisoma hata tarehe. Nilidhani tarehe ni kitu cha maofisini, watu kama sisi tunajuana kwa mvua na misiba. Baadaye nilikwenda kuapa kwa mwanasheria, na aliponiuliza siku, nikasema tarehe moja Januari, kwa sababu ndiyo iliyonijia haraka. Nikarudisha na mwaka nyuma ili zile saba zitimie. Halafu nikaijaza kwenye kila fomu, mwaka baada ya mwaka, mpaka hata ule mwaka wa kweli nikaupoteza kichwani.

Kama ingeishia kwenye karatasi, nisingekusumbua nayo leo. Lakini unakumbuka Darasa la Tatu. Uliporudishwa urudie darasa ulikuja nyumbani na daftari kifuani, hukulia, ukaniuliza, "Baba, kwani mimi ni mzito?" Mimi nilikuwa nasuuza mwiko wa saruji. Nikajibu, "Jitahidi tu, mwanangu."

Nilikuwa najua, Kabula. Nilikuwa najua kwamba umewekwa na watoto waliokuzidi mwaka na zaidi, kwamba wenzako walikuwa na meno mapya wewe ukiwa na ya utoto. Ilikuwa ni kusema sentensi moja tu, nikaogopa kwamba utaisema shuleni. Nimekuona tangu siku hiyo unasoma kama mtu anayedaiwa, unarudia kila hesabu mara tatu, na hata majibu ya Kidato cha Sita yalipotoka ukasema labda wamekosea jina. Hilo ni langu. Mimi ndiye niliyekupa ile saa isiyo yako halafu nikakuacha ujione umechelewa.

Hukuwa mzito. Ulikuwa mdogo. Nilipaswa kukuambia siku ile nikiwa na mwiko mkononi, naandika leo kwa aibu.

Haya, nimemaliza la kwanza. Ngoja ninywe maji.

Sasa sikiliza. Wiki tatu zilizopita, tukila, ulikuwa unaeleza habari za mifupa iliyogeuka mawe. Nilikuuliza mfupa wa miaka milioni wanaupimaje ikiwa kaboni imekwisha. Ukasema mara nyingi mfupa wenyewe hawaupimi. Wanatafuta tabaka la majivu ya volkano chini yake na lingine juu yake, kwa sababu majivu yana saa yake. La chini ni la zamani, la juu ni jipya, na mfupa uko katikati, hauna pa kukimbilia. Ulionyesha kwa ugali, ukaweka kipande cha sato katikati, halafu ukakila.

Nilikaa macho. Nikajiambia, Masanja, wewe huna kadi, lakini una majivu.

Asubuhi nikaenda kwa shangazi yako, nikamwomba picha ya arusi yake. Imechapwa tarehe pembeni, na mama yako amesimama nyuma ya bibi arusi, gauni limembana, tumbo halijaanza. Hilo tabaka la chini. Halafu nikaenda kwenye kaburi la babu yako, ambalo nililijengea mwenyewe nikaandika tarehe kwa msumari. Shangazi yako ana hakika kwamba siku ya mazishi mama yako alikuwa amekubeba mgongoni, shingo haijakaza vizuri. Hilo tabaka la juu. Katikati ya arusi na kaburi kuna miezi kumi. Wewe ulikuwa humo. Nilirudi nyumbani naimba, ukaniuliza kama nimepata kazi kubwa, nikakudanganya ndiyo.

Nilidhani nimefika mwisho. Shangazi yako ndiye aliyenisukuma, na hata hakujua. Nilikuwa namdodosa kuhusu siku ya kuzaliwa kwako, akaguna.

"Wewe Masanja unaniuliza mimi? Si ulikuja hospitali jioni na zege mikononi. Mke wako akakukatalia mtoto, akasema nenda kanawe kwanza."

Zege mikononi. Kisa hicho nimekisikia mara mia, na wewe umekisikia, mnanicheka kila sikukuu. Lakini siku ile kilinipiga. Kama nilikuwa na zege mikononi, basi siku hiyo tulimwaga. Na mimi, tangu niwe fundi, sijawahi kumwaga zege la sakafu nikaondoka bila kuandika tarehe kwenye kona, likiwa bado bichi. Babu yako ndiye aliyenizoesha. Alisema nyumba ikipasuka watu wajue ilimwagwa lini na wasimsingizie aliyekuja baadaye.

Katika miezi ile kumi nilimwaga sakafu mbili tu. Moja ya duka, wakati wa kiangazi, nakumbuka tulivyokuwa tunaimwagia maji isipasuke. Nyingine ilikuwa Kiseke, kwa mwalimu mmoja, na mvua ilitufanya tuhangaike na maturubai. Na wewe mama yako alikuita Kabula kwa sababu ulikuja na mvua.

Juzi nilikwenda. Mwalimu amestaafu, ana fimbo, lakini sauti ni ileile ya kunyoosha mstari wa wanafunzi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Masanja, sina kazi ya ujenzi."

"Nimekuja kuomba kuvunja kona ya baraza lako."

Nikamweleza yote, hata ya kadi, nikiwa nimesimama uani kama mwanafunzi aliyechelewa namba za asubuhi. Nikamwahidi kuirudishia iwe nzuri kuliko nilivyoikuta. Aliponiruhusu akasema jambo ambalo sikulitegemea.

Unajua siku zote nimesema kwamba sikwenda hospitali mapema kwa sababu mwenye nyumba alikataa tusimamishe kazi. Ndivyo nilivyomwambia mama yako, na nimeamini hivyo. Mwalimu akasema, "Mimi nilikuambia nenda, Masanja. Yule kijana aliyetumwa kutoka hospitali alipokuja kukuita saa sita nilikuambia vibarua watamalizia. Wewe ukasema hakuna anayejua kusawazisha kama wewe."

Zege likishachanganywa haliwezi kungoja, hiyo ni kweli, lakini vibarua wangu walikuwa wanajua kusawazisha. Nilitaka kuonekana. Weka na hilo kwenye hesabu yangu.

Nikapiga magoti, nikachukua tindo. Ungekuwepo, Kabula. Juu kulikuwa na marumaru alizowekewa na watoto wake mwaka juzi. Chini yake gundi. Chini ya gundi sakafu nyembamba ya saruji. Chini yake ile sakafu nyekundu ya zamani, inayong'arishwa kwa polishi ya kopo. Kila tabaka ni jipya kuliko lililo chini yake, kama ulivyosema, na mimi nilikuwa nashuka miaka kwa miaka na nyundo ya nusu kilo. Mwalimu akaniambia nipumzike. Sikupumzika. Nikafika kwenye zege langu, nikafagia kwa kiganja, nikamwaga maji, na namba zikatokea. Siku, mwezi, mwaka. Mwandiko wangu, ile saba yangu yenye mkia.

Nilipiga kelele. Mwalimu alidhani nimejipiga kidole.

Tarehe yenyewe sitaiandika hapa. Nimeifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji na kuisugua na mkaa, ikatoka yote kama ilivyo. Imekunjwa humu ndani ya bahasha. Naona mtu kama wewe anastahili kuona ushahidi kwanza kabla ya kuambiwa jibu. Ninachokuambia ni kwamba cheti kimekuzidishia mwaka mmoja na miezi mitatu. Kinasema una miaka ishirini na moja, kumbe una ishirini. Ukitaka turekebishe, nitakwenda kuapa tena, na safari hii nitasema ukweli wote mbele ya yeyote, na aibu iwe yangu. Ukitaka tuache, tutaacha. Hili utaamua wewe, mimi nilishaamua vya kutosha kwa niaba yako. Na ukinikasirikia, usinikasirikie kidogo ili kunilinda. Nikasirikie unavyostahili, halafu nipigie.

Lakini utakapoikunjua, angalia chini ya namba. Kuna neno. Mimi sikulikumbuka kabisa. Nilipoliona nilidhani ni mikwaruzo, nikaongeza maji. Herufi tano, kubwa, zimepinda, za mtu aliyeandika kwa haraka na kidole, siyo msumari: BINTI.

Nimekaa siku mbili najaribu kukumbuka na bado sikumbuki. Lakini nimetumia akili uliyonipa. Zege likishakauka haliingizi kidole. Kilichomo kiliingia likiwa bichi, kabla mlango haujafungwa, kama ile urani yako. Kwa hiyo haliwezi kuwa limeandikwa kesho yake, wala na mtu mwingine aliyenionea huruma baadaye. Ni jioni ileile. Maana yake yule kijana alirudi mara ya pili kuniambia kimezaliwa nini, na mimi niliinama nikaandika kwa kidole kabla sijanawa, kabla sijakuona. Miaka yote hii nilijihesabu kuwa baba aliyekuja amechelewa, asiye na neno. Kumbe neno nilikuwa nalo, nikalifunika kwa saruji nyekundu.

Kona ile nimeirudishia. Mwalimu alitaka marumaru irudi, mimi nikamwomba niache kidirisha cha kioo kidogo, akakubali, akasema wajukuu wake watauliza na yeye atapata la kusimulia. Ukirudi likizo nitakupeleka.

Nasikia sauti yako mtaani, unamsalimia mama wa duka, umewahi kuliko nilivyodhani. Nitaiweka hii chini ya dagaa wa shangazi yako, utaikuta njiani.

Mwaka huu siku yako imeshapita bila mimi kujua, kama zile kumi na tisa za kwanza. Mwakani nitakupigia asubuhi na mapema. Vibarua watamalizia zege.

Baba yako,
Masanja